Kidole gumba kwenye kadi: kisa cha shoga yangu na soli za kandambili

Nakiandika hiki kisa chote cha kadi za shoga yangu zilivyopigwa kopi bila yeye kuulizwa, mwanzo mpaka mwisho, kwasababu kila nikihadithia kwa mdomo watu wanarukia kwa yule jamaa wa stationari wanaanza kumtukana, wakati mi nikikaa nikifikiria naona jamaa ndio mwenye kosa dogo kuliko wote. Kosa la kwanza ni langu, la pili la shangazi yangu, yeye anakuja wa tatu tena kwa mbali.

Basi. Mi na huyu shoga yangu (jina sitaji, mwenyewe hapendi) tumepanda pamoja daladala za Gongo la Mboto–Posta karibu miaka mitatu. Urafiki wa daladala mnaujua, ule wa kuwekeana siti na kushikiana mkoba na kushtuana konda akirudisha chenji pungufu. Nilikuwa najua mpaka kodi anayodaiwa na tabia za mwenye nyumba wake. Sasa alikuwa na kauntabuku, tukikwama tu foleni anaitoa anaanza kuandika andika, mi nikajua ni hesabu za vikoba maana yeye ndio mweka hazina wa kikundi chao. Miaka mitatu na sijawahi hata kuchungulia, nikaona ni adabu, hela za watu hazichunguliwi.

Siku moja hakutokea kituoni, kesho yake tena, nikapiga simu akasema malaria imemlaza. Jumamosi nikabeba machungwa na supu kwenye hotipoti nikaenda kumpa pole kwake Ukonga. Nafungua pazia la chumbani nakutana na kamba imefungwa ukutani kwa ukutani, vibanio vya nguo vimejaa, na kilichobanwa ni karatasi. Nikajua kalowanisha vyeti vyake anaanika. Nasogea karibu naona ni picha, nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Konda kaning'inia mlangoni mguu mmoja nje. Mkono wa mtu umeshika bomba la juu, saa kubwa na nywele za mkononi zimechorwa moja moja. Mama kalala mdomo wazi kaegemea kioo. Halafu karatasi ya nne ni mimi, mkoba kifuani, nimesinzia vibaya mno, hata mate karibu yanatoka.

Nikamuuliza we hivi vitu umenunua wapi. Ona swali lenyewe! Mtu kanichora mimi, na bado nauliza kanunua wapi.

Hapo ndio mwanzo wa kosa langu na nitarudi kwake. Kwanza niwaambie anafanyaje, maana bila kujua anafanyaje hamtaelewa ugomvi wa bei uliokuja mbele.

Anachonga muhuri. Yeye mwenyewe anaita muhuri na kazi ya kuchapa anaita kugonga. Wachongaji wa namna hii duniani wanatumia linoleamu, lile zulia gumu la sakafuni, ila kwa hapa ni kulitafuta kwa tochi na likipatikana bei inakukatisha tamaa, kwahiyo yeye anatumia soli za kandambili zilizokwisha. Sio hizi mpya nyepesi kama sponji, hizo zinabonyea, anataka zile za mpira mzito, tena mguu mkubwa namba 10 kwenda juu, kwasababu soli ya mguu mdogo haitoshi picha. Watoto wa shule miaka yote wamekuwa wakichonga mihuri ya majina yao kwenye kandambili, yeye hakuacha tu. Anaisugua kwa msasa juu ya kigae mpaka iwe flati, anachora kwa penseli, halafu anakata kwa wembe na kwa kitu ambacho nilipokiona nilicheka: waya wa mwavuli mbovu. Ukiuangalia ule ubavu wa mwavuli vizuri una mfereji ndani, umbo la U. Ukiunoa ncha yake kwenye jiwe unapata patasi ndogo ya kuchimba mistari, inatoa uzi wa mpira mwembamba kama tambi. Rola ya kupakia wino ni kipande cha bomba la plastiki kimevalishwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wino ni ule mzito wa mafuta unaotumika kwenye mitambo ya uchapaji, ananunua masalia ya kwenye kopo kwa mafundi. Karatasi ni manila. Anaweka manila juu ya muhuri, anasugua mgongo wa karatasi kwa mgongo wa kijiko, taratibu, maana ukikandamiza sana soli inabonyea na mistari inavimba. Halafu anabandua kwa kuanzia kona moja. Ule mlio wa karatasi ikibanduka jamani, ni kama unabandua plasta.

Kinachobaki juu ndio kinachapa, kilichochimbwa kinabaki cheupe. Na kila kitu kinatoka kimegeuka, kushoto inakuwa kulia. Hilo la kugeuka mliweke kichwani.

Sasa wakati huohuo binti wa mama mdogo alikuwa anaolewa, na mimi ni katibu wa kamati ya kichen pati. Mwenyekiti mama mkubwa, mweka hazina shangazi. Wote mnazijua kadi za kichen pati zinavyokuwa, maua ya dhahabu, picha ya sufuria iliyochukuliwa intaneti, maandishi yaliyojikunja mpaka jina la ukumbi halisomeki. Nikasema kikaoni, jamani mi nina rafiki anatengeneza kwa mkono, nikatoa ile picha yangu nimesinzia. Wakacheka sana, mama mkubwa akasema huyu mtoto ana jicho. Wakakubali. Kadi 120.

Ikaja bei.

Stationari tuliyokuwa tumeuliza walisema 800 kwa kadi. Shoga yangu akasema buku jero, yaani 1,500. Kikao kikachafuka. Shangazi akaniangalia akasema, "Mwanangu, si umesema ni rafiki yako?" Yaani ile sentensi moja. Na mimi badala ya kujibu ndio, ni rafiki yangu, nikaenda kwa mtu mwenyewe bado macho ya njano ya malaria nikamwambia shoga fanya buku tu, si unajua kamati zilivyo. Akanyamaza kidogo, akasema kwa ajili yako sawa.

Baadae, mambo yameshaharibika, ndio nilikaa naye tukapiga hesabu tuliyotakiwa kuipiga mwanzo. Kuchora mpaka mama mkubwa akubali, masaa 5. Kuchonga, 9. Kugonga, kila kadi dakika 4 kama hakuna kilichoharibika, na kugonga aligonga 134 kwasababu 14 ziliharibika, hapo ni kama masaa 9. Alikuwa anapaka rangi nyekundu kwa brashi kwenye moto wa jiko uliochorwa kwenye kadi, dakika 3 kila kadi, masaa 6. Kukata na kukunja, 2. Jumla masaa 31, yote ya usiku na wikiendi maana mchana ana kazi yake. Vifaa vilimgharimu elfu 42. Kwa bei ya buku alipata 120,000, toa vifaa inabaki 78,000, gawa kwa 31 ni kama 2,500 kwa saa. Kwa bei yake ya kwanza ingekuwa kama 4,450. Kwahiyo ule urafiki wetu nilioupigia debe kikaoni, thamani yake kwa saa ni kama elfu mbili, na aliyelipa ni yeye.

Kuna watu wataniambia lakini stationari ni 800 na wana masaa yao. Hapana, wana mashine. Kadi ya kwanza ya stationari ina kazi, ya pili mpaka ya 120 ni kubonyeza. Ya kwake ya 120 ina dakika 7 zilezile za ya kwanza. Hii tofauti sisi wateja hatuioni kwasababu mwishoni zote ni karatasi iliyokunjwa.

Turudi kwenye kazi. Mchoro aliutengeneza kama kanga. Pindo limezunguka pande zote, katikati kwenye mji, yaani ule uwanja wa ndani ya pindo, kuna mafiga matatu na birika linatoa moshi, na chini kwenye kiboksi cha jina, pale panapokaa maneno ya kanga, kaandika KARIBUNI JIKONI. Mama mkubwa alivyoona akapiga kigelegele palepale. Na mi nilipata wazo moja nikiwa naangalia ile kadi: kanga tunazivaa miaka yote, zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, biashara iliyoanza 1887, zimeandikwa kabisa Mali ya Abdulla, jina la mwenye duka lipo, lakini aliyechora pindo na mji nani anamjua? Nimekaa na sanduku la kanga za bibi nikatafuta. Hamna.

Ila kabla ya kigelegele kulikuwa na kilio. Nilisema kila kitu kinageuka, si ndio? Kwahiyo maneno lazima uyachonge kinyumenyume kwenye soli ili yakigonga yakae sawa. A haina shida, I haina shida, U na O hazina shida, ukizigeuza ni zilezile. K, R, B, J alikumbuka akazigeuza zote vizuri. N akasahau. N ni mnafiki, ukiiangalia haraka unaona kama pande zote sawa, kumbe mstari wa katikati una upande wake. Akagonga ya kwanza saa tano usiku akanitumia picha wasap na sauti ya kulia, N mbili zote, ya karibuni na ya jikoni, zimeangalia nyuma. Masaa 9 ya kuchonga. Nikamwambia acha tu hivyo nani ataona, akanijibu "mi nitaona."

Alichofanya, alizikata zile N mbili kwa wembe akazitoa kama unavyotoa jino, akachonga N mpya kwenye kipande cha soli nyingine, akazichomeka kwa supagluu. Ukiangalia kwa makini kwenye kila kadi N zina kimstari kembamba kimezizunguka kama ka fremu. Wageni wengine walidhani ndio staili. Mi nampenda sana kwa kile kimstari.

Ilikuwa Aprili na masika ilikuwa masika kweli. Ule wino ni wa mafuta, hewa ikiwa na unyevu haukauki haraka, kadi iliyogongwa Jumatatu Alhamisi bado inanata. Kamba ikajaa, akaongeza ya pili, ya tatu ikapita juu ya kitanda, akawa analala chini ya birika 40. Ijumaa usiku nikaenda kumsaidia, mvua inapiga bati hatusikizani, umeme ukakatika tukawasha tochi za simu. Mimi kazi yangu kubandua kutoka kwenye muhuri na kuanika. Nikashika moja vibaya. Kidole gumba chote, kona ya chini kulia, juu kabisa ya pindo, alama nyeusi na vimistari vyake vyote kama umeenda NIDA kuchukua kitambulisho.

Akaiangalia akasema hii weka pembeni usiigawe. Nikaiweka kwenye mkoba wangu. Nilitaka iwe kumbukumbu.

Kadi zikagawiwa na watu wakazipenda, hilo sitalirefusha. Kuna mama mmoja alikuja ukumbini na kadi yake imewekwa kwenye plastiki, akawa anauliza fundi nani, nikamuonyesha kwa kidole, shoga yangu alikuwa anapakua pilau. Lakini kabla ya siku yenyewe orodha ya wageni ilivimba, na nyie mnajua orodha hizi zinavyovimba, mama wa bwana harusi kaleta majina yake, kanisani wakaleta yao. Zikahitajika kadi 80 za ziada na zimebaki siku tisa. Mi nilikuwa msibani Morogoro. Kikao kikakaa bila mimi, shangazi akasema kwanini tusumbue mtu, nina sampo hapa. Alikuwa nayo kweli. Nilimpa mimi wiki moja kabla aoneshe kwa mama wa bwana harusi, ile ya kidole gumba, maana nzuri zote zilikuwa za kugawa.

Akaipeleka stationari wakaskani, wakatoa 80 kwa 800. Elfu 64. Kwa shoga yangu zingekuwa elfu 80, kwahiyo kamati iliokoa elfu 16, na muhuri ulikuwa tayari umeshachongwa, ilibaki kugonga na kupaka rangi, masaa kama tisa tu, siku tisa zilikuwa zinatosha na mvua yake. Hakuna aliyempigia hata kumuuliza. Shangazi hakufanya kwa ubaya, alivyonisimulia alikuwa anajisifia.

Siku ya shughuli sikugundua. Shoga yangu aligundua. Aliona kadi mezani yenye alama ya kidole, akasema moyoni kumbe huyu ile kaigawa, akaona ya pili ina kidole, ya tatu ina kidole, palepale. Akaendelea kupakua pilau. Hakuniambia siku ile wala wiki ile, kituoni akawa anakaa siti ya mbele anasema nyuma kunamtia kichefuchefu. Mi nikajua labda mjamzito.

Nilikuja kujua mwishoni mwa Juni. Naenda kutoa kopi ya kitambulisho, naona kwenye kaunta albamu ya sampo za kadi, nafungua kusubiri zamu yangu, ukurasa wa nne: pindo, mafiga matatu, birika, KARIBUNI JIKONI, kafremu ka N kapo, na kona ya chini kulia kidole changu. Majina ya bibi harusi mwingine kabisa nisiyemjua. Wameshaiuza. Kidole changu kimealika watu kwenye kichen pati ambayo mimi mwenyewe sikualikwa.

Hapa sasa ndio uchambuzi, na naanza na mimi. Kosa langu halikuwa kumpa shangazi sampo, hilo ni tawi tu. Mzizi ni lile swali la umenunua wapi. Miaka mitatu kauntabuku iko pembeni ya goti langu, na hata picha yangu ilipokuwa mbele ya macho yangu akili ilikataa kwamba mtu ninayemjua anaweza kuwa ndio ametengeneza. Kazi nzuri kwenye kichwa changu inatoka mbali, kwa mtu usiyemjua, ina bei imebandikwa. Ikitoka kwa mtu mnayeshikiana mkoba inakuwa kipaji, na kipaji sijui kwanini tunaona ni cha kugawana kama chumvi. Nilivyoipenda ile kazi niliipenda kwa mdomo, nikaipeleka kikaoni, nikaitangaza, lakini sikuuliza swali hata moja la mtu anayeheshimu kazi: inachukua muda gani, ukipewa nyingine ghafla unaweza, nani anaruhusiwa kuitoa kopi. Maswali hayo fundi wa makabati namuuliza yote.

Shangazi nilipomfuata, shikamoo, marahaba, nikamueleza, akanijibu kitu kilichonisumbua wiki nzima. Akasema, "Mwanangu mbona hao wa Tingatinga wote wanachora chui yuleyule na ndege yuleyule na hakuna anayegombana?" Na hapo mjue shangazi aliwahi kukaa Msasani, anayajua mabanda yale.

Ni hoja nzuri, sio ya kuidharau. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar mwaka 1968 kwa vitu vya kuokoteza okoteza kama shoga yangu, ubao laini wa dari na rangi za kupakia baiskeli, picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores pale Oysterbay. Akawakaribisha ndugu na rafiki wakajifunza kwake. 1972 polisi wakamuua kwa risasi, walimdhania mhalifu, alichora miaka minne tu. Wale ndugu na rafiki ndio wakaibeba, mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika, na mpaka leo staili inaitwa kwa jina lake. Kwahiyo ndio, chui anafanana na chui. Lakini angalia vizuri shangazi, kila mmoja kakaa chini na brashi yake kachora chui wake, na pale chini anasaini. Alichofundishwa ni namna ya kuchora. Hakuna aliyechukua ubao wa Tingatinga mwenyewe akauweka kwenye skana. Mtu akiona kadi ya shoga yangu akaenda kuchonga soli yake, na pindo lake, na mafiga yake, mi nitampigia makofi na shoga yangu atamuonyesha jinsi ya kunoa waya wa mwavuli, namjua.

Hata sheria iko hivohivo. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 hailindi wazo wala staili, inalinda mchoro wenyewe, na ulinzi unaanza pale kazi inapotengenezwa, sio mpaka ukajisajili COSOTA, wale wa hakimiliki, kama wengi wanavyodhani, kusajili kunakusaidia ushahidi tu. Na unadumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa. Nilivyomwambia shoga yangu akacheka, akasema kandambili zenyewe nilizichukua jalalani halafu nina haki nazo mpaka wajukuu.

Shangazi hakusema nimekosea. Alisema "haya," akaingia ndani, akatoka na elfu 16 akanipa kwenye mkono bila kuniangalia. Nilishindwa kujua nicheke au nilie. Ni mtu mwenye hesabu zake.

Kwa shoga yangu kwenyewe nilienda na zile 16 na maneno mengi nimeyapanga, akanikatisha, akasema aliniona msaliti wiki kumi nzima kwasababu alidhani mimi ndio niliipeleka, na kilichomuuma sio hela. Kilichomuuma ni kwamba katika kadi zote 134 alizozihangaikia, ile aliyoikataa, mbovu, ndio imepigwa kopi na kutembea mjini kwa jina lake. Afadhali wangeiba nzuri! Hili mi nisingeliwaza hata siku moja. Nilidhani mtu akiibiwa kazi anaumia kwa kuibiwa, kumbe kuna kuumia kwingine kwa kuibiwa ile ambayo mwenyewe hangeitoa.

Tukaenda stationari wawili, Jumamosi asubuhi. Kaka wa watu kijana tu, hakubisha wala hakukubali, akasema dada mi nililetewa na mteja, nikajua ni mali yake, hapa kila siku naletewa. Na ni kweli, nani aliwahi kumuuliza mtu kadi hii kachora nani? Haina jina popote, na hilo nalo shoga yangu alilikiri, hakusaini hata kadi moja, aliona aibu kusaini karatasi ya mwaliko. Jamaa akasema sasa nitajuaje kama ni yako.

Shoga yangu akanishika mkono, akanipaka wino wa muhuri wa stationari palepale kaunta, akagandamiza kidole changu kwenye karatasi, akaweka pembeni ya albamu. Kuna kakovu nilikatwa na kisu nikiwa darasa la tano, kamepita katikati ya vimistari. Kapo kwenye karatasi, na kapo kwenye kadi. Wateja wakaanza kusogea kuangalia. Jamaa akaangalia kidole, akaangalia kadi, akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Ukurasa aliutoa. Hela shoga yangu aliomba ya ile oda moja ambayo jamaa aliiuza baadae, hakupata, alipata kopo la wino mweusi lililobaki robo tatu na furushi la vipande vya manila vilivyobaki kwenye mashine, ambavyo ukivipima kwa bei ya dukani sio haba. Na namba yake ya simu imebandikwa pale kaunta kwa ajili ya anayetaka ya mkono. Mpaka sasa wamempigia watatu, mmoja alikimbia baada ya kusikia bei, wawili wamelipa buku jero bila kelele.

Siku hizi kila kadi ina kandambili ndogo kwenye kona, kama ukucha, ndio saini yake. Nikienda kumsaidia ananipa mkasi na manila nikate kwa rula. Wino haniruhusu kushika.